Mfanyakazi ni wa nani? Kutoka Bourse du Travail mpaka tasheroni wa leo



Katika kasha ya mutualite yetu kuna matumizi ambayo hatukuyapanga tulipoanza: mguu uliovunjika, jicho lililoingia simenti, msiba wa kijana aliyefukiwa na udongo kwenye mtaro wa mabomba. Michango yetu ilikuwa ya ugonjwa, uzazi na matanga. Leo inalipa ajali za shantie. Tukimfuata antreprenere, jibu ni moja: «Ule si mutu yangu, mumuulize tasheroni.» Tasheroni naye amezima simu.

Jibu hilo si la leo. Kwenye ziwa letu lina miaka zaidi ya mia.

Mwaka 1910 Wabeleji walianzisha Bourse du Travail du Katanga, ofisi ya kutafuta watu wa migodi ya shaba. Aliyemtoa mtu kijijini alikuwa mmoja, aliyemtumikisha alikuwa mwingine. Kazi ya mwandikishaji ilikuwa kufikisha watu. Akiisha kuwafikisha, afya yao haikuwa tena hesabu yake. Mwaka 1915 reli ilifika Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, na njia ya ziwa ikafunguka. Kuanzia 1925 watu wa Ruanda-Urundi nao walivushwa ziwa hili, wakapanda treni kwenda Katanga. Baridi, chakula kigeni, kuhara na nimonia viliua wengi.

Mwishoni mwa miaka ya 1920, Union Minière du Haut-Katanga ilibadilisha njia: kontra za miaka mitatu, wake na watoto kuishi kambini, hospitali, mafunzo ya kazi. Haikuwa huruma. Watu wapya walikuwa wagumu kupatikana, na kila aliyekufa au kutoroka alikuwa hasara ya kampuni yenyewe. Tena kambi ile ilikuwa pia njia ya kuwashika watu. Lakini somo liko pale: hasara ya kifo ilipomrudia mwenye kazi, ndipo alipoanza kumfundisha na kumtunza mfanyakazi.

Baada ya uhuru Leta iliweka somo hilo katika sheria. Mwaka 1961 ilianzishwa INSS, ambayo leo ni CNSS; mwajiri anailipa asilimia 1,5 ya mshahara kwa ajili ya ajali na magonjwa ya kazi. Mwaka 1964 ikaja INPP ya kufundisha ufundi, nayo inachangiwa na waajiri. Sheria ya kazi ya 2002 ikamdai mwajiri usalama wa mahali pa kazi. Shida ni kwamba yote haya yanaanzia kwenye jina lililoandikwa. Kibarua aliyeokotwa asubuhi barabarani na tasheroni hana jina popote. Sheria ya 8 Februari 2017 juu ya kazi za kupokezana imekazia zaidi nani apewe soko, kwamba liende kwa kampuni za Wakongomani. Ni vizuri, ila kampuni ya ndugu yako nayo inaweza kukuacha mtaroni.

Je, inawezekana kumfikia mkubwa? Ndiyo. Agosti 2017, wenyeji wa barabara ya Bukavu–Goma walipeleka malalamiko kwenye Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia: unyanyasaji wa wanawake, wafanyakazi bila ulinzi. Novemba mwaka ule Benki ilisimamisha malipo ya ujenzi. Kule Uganda, Desemba 2015, ilikuwa imefuta kabisa mradi wa barabara kwa mambo kama hayo. Mwenye pesa hakuweza tena kusema: «Ni habari ya kontrakta.»

Kwa hiyo wanachama, hasa ninyi mliorudi kutoka Tanzania na ufundi wenu mikononi: kabla ya kushika koleo, uliza jina lako limeandikwa wapi, nani atakuonyesha kazi, na nani atalipa hospitali. Andika jina la kampuni kubwa, si la tasheroni peke yake, ulilete ofisini kwetu.

Nanyi wafadhili, mkijenga shule au bomba hapa Uvira, kontra yenu iseme kwamba antreprenere anajibu kwa kila mtu aliye kwenye shantie yake, hata aliyeletwa na mwingine. La sivyo, mnatoa mchango mara mbili: mara moja kwa jengo, mara ya pili kwa kasha yetu, kumzika aliyelijenga.