Una kipara na unaendesha baiskeli Dodoma? Upepo usikudanganye

Mwezi wa saba, anayetoka Area D kwa baiskeli kwenda soko la Majengo saa 5 asubuhi hahisi joto. Upepo unapuliza, jasho linakauka lenyewe, kichwa kilichonyolewa kinaona raha. Shida inakuja usiku: utosi unawaka, ukiugusa unauma, na baada ya siku chache ngozi inaanza kubanduka.

Miale ya jua inayounguza ngozi, ile inayoitwa UV, huihisi kama joto. Upepo hauipunguzi, na mawingu mepesi yanaiacha ipite. Dodoma nayo iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na miale hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Jua hupita utosini kabisa mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Oktoba ndiyo mbaya zaidi, maana mvua bado na anga iko wazi.

Saa za kuogopa ni kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni. Wengi wanadhani jua linafika kileleni saa 6 kamili, lakini kwa Dodoma ni kati ya saa 6:20 na 6:50 mchana. Huna haja ya saa: kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, funika kichwa.

"Mtu mweusi haungui" ni maneno ya kijiweni. Ngozi nyeusi ina kinga ya asili, na saratani ya ngozi ni nadra kwake, ila kuungua inaungua na kubaki na madoa. Kwa mwenye ualbino hili si suala la madoa. Saratani ya ngozi inaua, na kichwa, masikio na shingo ni sehemu zinazoshambuliwa sana. Yeye asitoke bila kofia hata kwa safari ya dakika 10.

Uvae nini sasa? Kapelo inafunika utosi lakini inaacha masikio na kisogo. Pama ni nzuri zaidi, ila bila kamba ya kufunga kidevuni upepo wa Dodoma utaichukua. Helmeti ya baiskeli inakukinga ukianguka, lakini ina matundu, na jua linaingia humo na kukuchora mistari kichwani. Vaa kitambaa chepesi cha pamba chini yake, kishuke mpaka shingoni. Kitambaa hicho pia kinazuia jasho lisiingie machoni.

Ukitumia losheni ya jua, chagua yenye SPF 30 au zaidi. Paka dakika 15 hadi 20 kabla ya kutoka, usisahau nyuma ya masikio, na rudia kila baada ya saa mbili, au mapema zaidi ukitoka jasho sana. Bei yake inauma kweli, ndiyo maana kitambaa kinabaki kuwa kinga ya kwanza. Kwa wenye ualbino kuna Kilisun, losheni inayotengenezwa katika Hospitali ya KCMC, Moshi. Mafuta ya mgando na ya nazi yanang'arisha kipara tu. Hayakingi jua.

Unayenyoa kwa wembe, nyoa jioni. Ngozi iliyotoka kukwanguliwa asubuhi ina mikwaruzo midogo, na losheni itaiwasha.

Ukiungua, mwagia maji ya baridi, kaa kivulini, kunywa maji ya kutosha, na malengelenge usiyapasue. Ukiona kidonda kichwani kisichopona mwezi mzima, au gamba linalobanduka na kurudi palepale, nenda ukaonwe hospitali, hata kama hakiumi.