Kilima cha Kasri Kisichokuwa na Kasri

Ndugu zetu wa Kilwa, Dar es Salaam, Mombasa, Maskati, London na Toronto,

Kamati imetutaka sisi wa Sydney tuandike ukurasa wa historia ya mahali tunapokaa. Nami nimeona yafaa niwasimulie habari za kilima kimoja kilicho jirani yetu, kwani habari zake zinagusa shauri litakalojadiliwa na ukoo mwaka huu: ile nyumba ya babu, Kilwa Kivinje.

Makazi yetu yapo Toongabbie, magharibi ya jiji, kiasi cha kilomita 30 kutoka bandarini. Jina hilo limetokana na lugha ya Wadarug, wenyeji wa asili wa nchi hii, na hufasiriwa kuwa ni mahali palipo karibu na maji. Mwaka 1791, miaka mitatu tu baada ya Waingereza kutia nanga, Gavana Arthur Phillip alianzisha hapa shamba la serikali, likalimwa na wafungwa walioletwa kwa meli. Wenyeji hawakukubali kupokonywa ardhi yao. Mwaka 1797 shujaa Pemulwuy, wa jamaa ya Wabidjigal, aliwaongoza wenziwe kulishambulia shamba hilo. Alijeruhiwa vibaya Parramatta, akapona, akaendelea kupigana mpaka alipouawa mwaka 1802.

Mwaka 1801 Gavana Philip King alifungua shamba jingine, kaskazini ya hapa, mwendo wa gari usiofika nusu saa. Mahali hapo paliitwa Castle Hill, ndiyo kusema Kilima cha Kasri. Jumapili moja tulikwenda huko kwa miguu na watoto wetu, tukapita baina ya mikalitusi mirefu mpaka kwenye bustani inayohifadhi eneo la shamba lile. Watoto, waliokuwa wamejiandaa kuona minara na malango ya chuma, waliuliza kwa kauli moja: "Kasri lenyewe liko wapi?"

Kasri halikujengwa kamwe. Kilichojengwa, mwaka 1803, ni bweni la mawe la kulaza wafungwa, na mabaki yake mengi yamo chini ya udongo. Wengi wa wafungwa hao walikuwa Waayalandi waliohamishwa baada ya uasi wa mwaka 1798 dhidi ya Waingereza. Usiku wa tarehe 4 Machi 1804 waliasi tena, wakiongozwa na Philip Cunningham, fundi mwashi aliyekuwa msimamizi wa waashi wa pale pale. Nyumba moja ilitiwa moto iwe ishara, na mamia wakashika njia wakitafuta silaha na wafuasi. Kesho yake Meja George Johnston aliwafikia na askari wake. Alimwita Cunningham kwa mazungumzo, kisha akamtolea bastola. Inasimuliwa kwamba alipoulizwa wanataka nini, Cunningham alijibu: kifo au uhuru, na meli ya kuwarudisha kwao.

Meli haikupatikana. Waasi wapatao 15 waliuawa, Cunningham akanyongwa bila ya kupelekwa mahakamani, na wengine wakafuata. Bweni lile likageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1811, kisha likawa kanisa, na hatimaye likabomolewa katika miaka ya 1860.

Hapa nilitabasamu, kwani neno letu "gereza" limesafiri njia hiyo hiyo kinyumenyume. Asili yake ni neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Pwani yetu ikalitumia kwa ngome, kama Gereza la Kilwa Kisiwani tunalolijua sote, kisha likawa ni jela. Na ngome yenyewe ya Mombasa, Fort Jesus, ilitumiwa kuwa jela tangu mwaka 1895 hadi 1958. Kuta ni zile zile. Matumizi na majina hubadilika kila anapobadilika mwenye nguvu.

Sasa tazameni kwetu Kilwa. Juu ya jabali linaloelekea baharini, Kilwa Kisiwani, lipo gofu la Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lililojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa mwanzoni mwa karne ya 14. Lilikuwa na vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea lenye pembe nane. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, zama za sultani huyo, akausifu mji na ukarimu wa mtawala wake. Hata hivyo kasri halikukaliwa muda mrefu. Tangu mwaka 1981 magofu ya Kilwa yamo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, na bado mawimbi yanaendelea kuyala.

Je, tunaijuaje Kilwa ya kale? Si kwa mawe peke yake. Mwanzoni mwa karne ya 16 mtu wa Kilwa aliketi akaandika kwa Kiarabu habari za mji wake na wafalme wake. Nakala ya kitabu hicho ndiyo aliyopewa balozi wa Uingereza, John Kirk, na Sultani Barghash wa Zanzibar mwaka 1877. Hata sarafu zetu zilikuwa na maandishi. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu 5 za shaba za Kilwa, pamoja na 4 za Waholanzi, katika ufukwe wa visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa ya nchi hii. Wataalamu hawajakubaliana zilifikaje. Lakini zilipochunguzwa miaka mingi baadaye zilitambulikana ni za wapi, kwa kuwa zimeandikwa majina ya masultani.

Cunningham hakuacha mwandishi. Maneno yake yametufikia kupitia kwa wale waliomnyonga. Pemulwuy naye tunamsoma zaidi katika barua na shajara za wale aliopigana nao, ijapokuwa Wadarug wangalipo na wanahadithia ya kwao. Mwenye kunyamaza husimuliwa na wengine, na si lazima wawe wanamtakia mema.

Ndiyo maana nasema haya juu ya nyumba ya Kivinje. Siupingi mchango wa kuezeka paa na kupiga chokaa upya. Nimekwisha kuahidi sehemu yangu. Ila tukumbuke kwamba waliobaki wanaojua nani alizaliwa katika chumba kipi, nani alichimba kile kisima, na kwa nini mlango wa nyuma ulizibwa, ni wawili tu: shangazi yetu wa Mombasa na mjomba wa Maskati, nao wote wamepita miaka 80. Paa laweza kungoja msimu mwingine. Wao hawawezi kungojeshwa.

Napendekeza basi fungu la kwanza la mchango liwe nauli ya vijana wawili, mmoja aende Mombasa na mwingine Maskati, wakae na wazee hao mwezi mzima, wanase sauti zao na kuandika. Na kila nyumba, popote ilipo, ilete katika mkutano ujao karatasi moja: majina ya wazazi na ya wazazi wao, walikozaliwa, mwaka waliohama na sababu ya kuhama, na makaburi yao yalipo. Watoto wetu wa Toongabbie wamekwisha kuanza yao.