Mafuta ya kukaangia yanaweza kuwasha taa za kituo cha afya?

Shinkolobwe, karibu na muji wa Likasi, inajulikana juu ya uranium. Sehemu kubwa ya uranium ambayo Marekani ilitumia kutengeneza mabomu ya atomiki ya 1945 ilitoka pale. Maji ya muto Lufira nayo yanazalisha umeme ku Mwadingusha tangu 1930, lakini migodi inakula sehemu kubwa. Umeme wa SNEL ukikatika usiku, kituo cha afya kisicho na sola kinategemea grupu, ni kusema jenereta, na mazutu ya kununua.

Je, mafuta yaliyokwisha kukaanga samaki na mandazi yanaweza kuchukua nafasi ya mazutu? Ndiyo, na Kongo iko ndani ya historia hiyo tangu zamani. Mwaka 1937, Chavanne, mwalimu wa chuo kikuu cha Brussels, alipewa hati ya uvumbuzi kwa kugeuza mafuta ya mimea, mawese zaidi, kuwa mafuta ya injini. Mwaka uliofuata, basi moja lilitembea kati ya Brussels na Louvain na mafuta hayo.

Kazi yenyewe iko hivi. Mafuta yanachujwa, yanapashwa moto mpaka maji yaishe, kisha yanachanganywa na metanoli na soda kali, kwa joto la digrii 60 hivi. Yakitulia usiku mzima, gliserini inashuka chini, biodizeli inabaki juu. Hiyo inaoshwa na kukaushwa. Lakini metanoli ni sumu: kuinywa kidogo tu kunaweza kupofusha ao kuua, na mvuke wake unashika moto upesi. Si kazi ya kufanyia jikoni.

Sasa hesabu. Friji ya chanjo na taa za chumba cha kuzalia, tuseme kilowati 1 kwa saa 6, vinaomba litre 2 mpaka 3 kila usiku. Kwa mwezi ni litre 60 mpaka 90. Zitatoka wapi? Mama mwenye kuuza mandazi hamwagi mafuta. Anayaongeza tu mpaka yanakuwa meusi, na walaji njo wanayamaliza. Kwa afya hiyo ni mbaya, lakini kumwambia ayatoe bure ni kumnyang'anya mtaji. Mafuta ya kutosha yako ku kantini za kampani za migodi na ku hoteli za Likasi na Lubumbashi. Na hapo lazima kuwahi: ku Nairobi, kampani ya Italia, Eni, ilianza kukusanya mafuta ya hoteli na mikahawa kwa ajili ya viwanda vyake vya Ulaya. Watu wa Shinkolobwe wanajua namna mali inavyoondoka.

Jambo la mwisho ni baridi. Biodizeli ya mawese inaanza kuganda digrii zikishuka chini ya 15 hivi, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba Katanga inashuka chini zaidi. Filta inaziba, grupu inazimika katikati ya uzazi. Njo maana wakati wa baridi ni heri kuchanganya: sehemu moja ya biodizeli na nne za mazutu, ao kuwasha na kuzima grupu kwa mazutu peke yake, ili mabomba yasibaki na mafuta yanayoganda.