SAFARI ZA WANAFUNZI ZA KUBADILISHANA: SISI WA IRENTE TUNAINGIAJE?

Wadau, barabara ya Lushoto kwenda Irente hukosi kukutana na vijana wa kigeni wenye mabegi mgongoni. Wengi ni watalii, wanakwenda Irente View Point kutazama tambarare ya Mazinde na mashamba ya mkonge kule chini. Ila wapo waliokuja kwa programu za kubadilishana wanafunzi na vijana, mada ikiwa maendeleo endelevu. Vijana wenzangu huku milimani wanauliza hizi programu ni kitu gani. Naziweka hapa kwa ufupi.

PROGRAMU ZENYEWE

Nyingi za huku zina mkono wa Ujerumani, na sio ajabu. KKKT Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, yenye shamba na kituo cha watoto pale Irente, ni mwanachama wa UEM, umoja wa makanisa wenye makao yake Wuppertal.

1. weltwärts. Serikali ya Ujerumani iliianzisha mwaka 2008. Ni ya vijana wa miaka 18 hadi 28, wanajitolea miezi 6 hadi 24. Mwanzoni ilikuwa ya upande mmoja, wao wanakuja, sisi tunapokea. Mlango wa vijana wa nchi zetu kwenda kule ulifunguliwa kwa majaribio mwishoni mwa 2013.

2. ENSA. Hii ni ya shule kwa shule. Shule ya kule na ya huku zinakuwa marafiki, wanafunzi na walimu wanatembeleana na kushika mada moja pamoja.

Kote huku huendi peke yako na barua yako mkononi. Inayokupitisha ni asasi au shule yenye ushirika na wenzao wa kule. Kwa hiyo anza kwa kuuliza shuleni kwako au kanisani.

KWANI HUKU KUNA NINI CHA KUJIFUNZA?

Kipo tena kikubwa. Mwaka 1946 Waingereza walianzisha mpango wa kuokoa udongo Mlalo, wilaya yetu hii hii, baadaye ukaenea Usambara. Wakulima wakalazimishwa kuchimba matuta. Kazi ilikuwa nzito, mzigo ukawaangukia zaidi akina mama, watu wakagoma. Kabla ya Uhuru mpango ukawa umekufa.

Mwaka 1981 ukaja mradi wa SECAP, wa Tanzania na Ujerumani. Huu ulihimiza kupanda majani ya malisho na miti kwa kufuata kontua, na kufuga ng'ombe wa maziwa ndani ya banda. Majani yanashika udongo, ng'ombe anayala, samadi inarudi shambani, maziwa yanaliwa na kuuzwa. Mkulima anaona faida yake mwenyewe. Mgeni akipita vilimani leo anaona majani hayo kwenye kingo za mashamba.

Na kabla ya miradi yote hiyo, Wasambaa walikuwa na maneno yao: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Kwa wazee, mvua, ardhi na utawala vilikwenda pamoja. Kwa hiyo hili somo la "endelevu" halikushuka na ndege.

MAONI YANGU

Mpango wa matuta ulikufa kwa sababu uliamuliwa juu na jasho likawa la chini. Safari ya kubadilishana nayo ni hivyo hivyo. Upande mmoja ukisafiri kila mwaka na mwingine ukabaki kupika chai na kupiga picha, huo ni utalii.

Kwa hiyo shule au kikundi chako kikipata mwaliko, ulizeni mapema, tena kwa maandishi:

- Na sisi tutakwenda lini, wangapi?
- Nani analipa nauli, viza na bima?
- Ratiba wamepanga wao, au tumepanga wote?
- Wakiondoka, ile kazi ya shambani anaiendeleza nani?

Na mtu wa mtaani akikuomba hela eti "akushughulikie" safari ya Ujerumani, kimbia.

Wageni waje, tena wakae na mama anayekata majani ya ng'ombe saa kumi na mbili asubuhi, wamsikilize. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa tuhakikishe na mwenyeji anapona kweli.

Nawasilisha.