Gobore husafishwa kwa maji kabla ya mafuta

Gobore, yaani bunduki inayoshindiliwa baruti kupitia mdomo wa mtutu, huliwa na kutu upesi kuliko bunduki za kisasa. Huko Kedowa, Kaunti ya Kericho, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ina unyevu mwingi, mtutu ulioachwa mchafu usiku mmoja waweza kuanza kubadilika rangi.

Chanzo ni baruti yenyewe. Baruti nyeusi huwa na takriban asilimia 75 ya shura, 15 ya makaa na 10 ya kiberiti. Sehemu kubwa yake haigeuki gesi. Hubaki masizi yenye chumvi za potasiamu, zinazofyonza maji ya hewani na kuyagandamiza kwenye chuma.

Wengi hukimbilia mafuta. Mafuta hayayeyushi chumvi hizo, huzifunika tu, na kutu huendelea chini yake. Kinachoziyeyusha ni maji, tena ya moto, kwa kuwa chuma kikipata joto hukauka chenyewe haraka.

Kwanza hakikisha gobore halina baruti wala fataki. Kisha sugua mtutu kwa kitambaa chenye maji na sabuni, siku hiyo hiyo, hadi kitambaa kitoke safi. Zibua kitundu cha kupitishia moto, kausha kabisa, ndipo upake mafuta membamba. Kitako cha mti kisiloweshwe.

Kesho yake pitisha kitambaa kikavu. Kikitoka na rangi ya hudhurungi, rudia kazi yote.