Mchoraji wa harusi hupangaje picha yake?

Katika harusi nyingi za Mbeya na Iringa, kumbukumbu huachwa kwa mpiga picha na mtu wa video. Katika nchi kama Marekani na Uingereza, yupo pia mchoraji anayesimama ukumbini na kuichora sherehe ikiendelea. Hapa tunaeleza jinsi anavyoipanga picha hiyo, na kwa nini familia inapaswa kuzungumza naye mapema.

Mahali kwanza
Mchoraji hufika kabla ya wageni. Huanza na vitu visivyotembea: madhabahu, mapambo, meza kuu. Sherehe ikiwa nje, huchora pia kilicho nyuma: mlima Loleza kwa Mbeya mjini, au jiwe la Gangilonga kwa Iringa. Nafasi ya maharusi huiacha tupu.

Tukio moja
Video hubeba sherehe nzima, mchoro hubeba tukio moja. Familia huchagua: kuvishana pete, kukata keki au maharusi kufungua muziki. Wakati huo ukifika, mchoraji hupiga picha kwa simu, kwa kuwa maharusi hawawezi kusimama wakimsubiri. Kisha huwachora akiitazama.

Jicho lielekee wapi
Maharusi huchorwa wakubwa kuliko wengine. Nyuma ya gauni jeupe huwekwa rangi iliyokolea ili gauni lionekane. Safu za viti na zulia hupangwa zielekee kwao. Wageni wa mbali hupakwa kwa brashi mara moja au mbili tu, bila sura.

Nani aonekane
Hapa ndipo penye uzito. Kamera hupiga aliyepo, mchoraji huamua. Mwaka 1563 Paolo Veronese wa Italia alimaliza kuchora harusi ya Kana. Katikati alimweka Yesu, na maharusi wakakaa mwisho wa meza, pembeni. Jacques-Louis David wa Ufaransa alichora kutawazwa kwa Napoleon kulikofanyika mwaka 1804. Mama yake Napoleon hakuhudhuria, lakini kwenye picha ameketi mahali pa heshima.

Kwa njia hiyohiyo, baba aliyefariki au bibi aliyeshindwa kusafiri anaweza kuwekwa, mradi picha yake ipatikane. Lakini pia shangazi aliyepika usiku kucha anaweza kubaki doa la rangi pembeni, na picha ikatundikwa sebuleni miaka yote.

Mkubaliane kabla
Andikeni majina ya watu ambao lazima sura zao zitambulike, wa pande zote mbili. Wachache ni bora, kwa kuwa kila sura huchukua muda. Ulizeni pia aina ya rangi: ya akriliki hukauka haraka, ya mafuta huhitaji siku kadhaa. Wachoraji wengi humalizia sura nyumbani, hivyo kubalianeni siku ya kukabidhiwa.