Start: Kitenzi cha Kiingereza kilichoruka kabla ya kuanza

Mwanafunzi wa Kiingereza hufundishwa mapema kwamba start na begin ni ndugu, na kwamba akitaka kusema mvua imeanza kunyesha, lolote kati ya hayo mawili litamfaa. Ni kweli. Lakini akiingia kwenye gari, undugu huo unakatika. Injini ni ya start peke yake, na ukitumia begin mzawa wa lugha atakukodolea macho. Vitabu vingi vya sarufi huitaja kanuni hiyo na kuendelea na safari, jambo linalonisikitisha, kwa sababu chanzo chake ni kitamu kuliko kanuni yenyewe.

Kazi ya kuanza ilikuwa ya begin tangu Kiingereza cha kale. Wanormani walipoivamia Uingereza mwaka 1066, Kifaransa cha watawala kikaleta commence, ambalo hadi leo husikika zaidi mahakamani na kwenye mahafali. Start halikuwamo katika shughuli hiyo. Maana yake ilikuwa kuruka, kuchupa, kushtuka ghafla. Nasaba yake ni moja na stürzen la Kijerumani, ambalo bado ni la kuanguka kwa kishindo. Kiingereza nacho hakijaisahau maana ya awali: mtu anayegutuka usingizini huelezwa kwa start, na kazi inayokwenda kwa kusuasua, leo mbio kesho kimya, husemwa inafanywa "by fits and starts".

Daraja la kutoka kuruka hadi kuanza lilijengwa na wawindaji. Mwishoni mwa karne ya 14 tayari walilitumia kwa kumkurupusha mnyama kutoka mafichoni mwake. Sungura amejibanza kichakani. Mbwa anamfikia, sungura anachomoka, na papo hapo msako umeanza. Katika tukio hilo moja kuna mruko, kuna aliyeusababisha, na kuna mwanzo wa mbio. Karne ya 17 neno likawa linatumika kwa kukitia kitu chochote katika mwendo. Mwanzoni mwa karne ya 19 likachukua maana ya kuondoka safarini, na kufikia miaka ya 1840 mitambo nayo ikawa inaamshwa kwa kitenzi hicho. Injini imelala kama yule sungura, na lazima pawepo wa kuikurupusha. Begin halijawahi kuwa na nguvu hiyo ya mkono.

Wanariadha waliirithi maana yote kwa pamoja, mruko na mwanzo. Katika Olimpiki ya Athens mwaka 1896, Mmarekani Thomas Burke aliinama na kugusa chini kwa mikono huku wapinzani wake wengi wakiwa wamesimama, akashinda mita 100. Wakimbiaji walichimba vishimo vya kukanyagia kwenye njia ya mbio. Jesse Owens alifanya hivyo Berlin mwaka 1936. Vibao vya kuanzia havikutumika kwenye Olimpiki hadi London mwaka 1948. Siku hizi vibao hivyo vina vihisi, na anayesukuma kabla ya sehemu moja ya kumi ya sekunde tangu mlio wa bastola huhesabiwa kuwa ameanza kabla ya wakati. Tangu mwaka 2010 kosa la kwanza tu linakutoa. Mwaka uliofuata huko Daegu, Korea Kusini, Usain Bolt alichomoka kabla ya bastola kulia katika fainali ya mita 100 ya ubingwa wa dunia. Akaondolewa, na Yohan Blake akatwaa dhahabu.

Kwenye magari, mkurupuko huo uliumiza watu. Dereva wa miaka ya 1900 alirudisha nyuma wakati wa cheche kwa kijiti cha kwenye usukani, akaenda mbele ya gari, akaingiza hendeli na kuivuta kuelekea juu. Mwenye uzoefu hakukizungusha kidole gumba kwenye mpini. Alikilaza upande mmoja na vidole vingine. Cheche ikiwahi, injini huirudisha hendeli kinyume kwa nguvu, na kidole au kifundo cha mkono hakiponi. Ajali hizo zilikuwa nyingi kiasi kwamba madaktari wa mifupa bado wana mvunjiko wa kifundo wanaouita kwa jina la dereva.

Aliyeleta suluhisho ni Charles Kettering wa Dayton, Ohio. Awali alikuwa kwenye kampuni ya mashine za kuhesabia fedha madukani, ambako alitengeneza mota ndogo ya kufungulia droo. Mota ile haikuhitaji kuvumilia kazi ya kutwa, ilihitaji kutoa nguvu kubwa kwa muda mfupi tu. Wahandisi wengi waliamini mota ya kuwashia gari ingebidi iwe kubwa mno isiweze kubebeka. Kettering alijua kwamba sekunde chache zatosha. Henry Leland wa Cadillac alimpa kazi hiyo, na magari ya Cadillac ya mwaka 1912 yakatoka na mtambo uliowasha injini, kisha ukageuka jenereta ya kuchaji betri na kulisha taa. Ford alichelewa: Model T, iliyoanza kuuzwa mwaka 1908, haikupata stata ya umeme kiwandani hadi mwaka 1919. Asiye na mkono wa kuishinda hendeli sasa aliweza kuondoka peke yake.

Kiswahili kilipolipokea gari kilichukua majina ya vifaa, hendeli na stata, na kikabaki na vitenzi vyake. Kazi ambayo Kiingereza humtwika start peke yake, sisi huigawa: tunashtuka, tunaondoka, tunaanza mechi, tunaanzisha biashara, tunawasha gari. Mgawanyo huo naupenda kwa jinsi usivyomwachia msikilizaji kazi ya kubahatisha. Ila gereji ina lugha yake. Fundi akiwa ameinamia boneti humwambia dereva, "Piga stata." Ikigonga mara moja bila kuzungusha injini, fundi hamalizi hata sentensi, mkono wake umeshafika kwenye nyaya za betri.